Marehemu Anauliza Kama Anaweza Kuja Kula

Kawangware 56,
9 Agosti 2025

Ndugu yangu Jeconia,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imeingia hadi kwenye unga. Trizah wangu amejifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti kama ya mama yetu akiita kuku jioni. Umekuwa babu, kwa hivyo acha kuvaa zile jezi zinazokubana. Samaki wanauzika, ingawa mbuta wanaoletwa siku hizi ni wadogo mpaka mteja ananiuliza kama nimekaanga watoto wao.

Unajua kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu. Wewe kwa simu ukibanwa unacheka, halafu unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Kutoka Silanga mpaka hapa si mbali, lakini tangu urudi Januari sijawahi kukumalizia sentensi. Kwenye karatasi huna pa kunikwepa. Barua atakuletea Mutinda, yule wa pikipiki anayekuja kuchukua mboga kwako. Nimemwambia asikuachie mpaka uahidi kujibu.

Sasa jambo lenyewe. Jeconia, umekufa.

Si utani. Huku Kawangware ulikufa kitambo, ukiwa bado Zambia. Redio ya Kijaluo ilitangaza kifo cha wajina wako, Jeconia Omolo, mwalimu mstaafu wa huko kwetu Rachuonyo, Mungu amrehemu. Mtu mmoja hapa 56 ambaye Kijaluo anakishika nusu nusu alisikia jina tu, akatoka mbio barabarani. Kufika jioni mashabiki wa Wembe, timu yako ya zamani, walikuwa wamewasha mishumaa kwenye lango la uwanja. Mwaka uliofuata wakaanzisha Kombe la Ukumbusho wa Jeconia Omolo, na kila Disemba linachezwa. Mzee Kinyanjui, mwenye uwanja na mwenye nusu ya ploti za huku, ndiye mlezi wake. Kuna mabango. Kuna wimbo pia, lakini huo sitauandika hapa kwa sababu nakupenda.

Ndiyo maana nimekuwa nikikupa visingizio kila ukitaka kunitembelea. Mara Trizah anaumwa mgongo, mara paa linavuja, mara kuna kunguni. Kunguni hawakuwepo, na niliona aibu kuwasingizia. Sikujua namna ya kumwambia mtu mzima kwamba amekufa na hakuna aliyemjulisha.

Naomba usije Kawangware kwanza. Niache nifikirie.

Kula vizuri, na funga lile goti usiku.

Dada yako,
Akeyo


Silanga, Kibera,
24 Agosti 2025

Dada Akeyo,

Nimepokea salamu zako nami nakurudishia zangu, pamoja na furushi la mboga za managu alilobeba Mutinda. Mpe Trizah, yanasaidia maziwa. Mwambie nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Huku shamba langu kando ya bwawa linaendelea vizuri, isipokuwa mbuzi wa jirani ameamua kwamba yeye ndiye mteja wa jumla. Nimemfukuza mara kadhaa. Ananizidi mbio, na nadhani anajua.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa sababu nikikaa chini goti langu linachukua muda kukubali kuinuka. Nilipofika pale uliposema nimekufa, niliangalia huku na huku kama kuna mtu ameona. Halafu, dada, nikatabasamu. Nisamehe. Nina kombe?

Hebu fikiria maisha yangu ya mpira. Nilikuwa straika wa Wembe msimu ule mmoja tuliopanda ligi kuu na ule uliofuata tuliposhuka. Kocha aliniambia mimi ni mchezaji wa mwisho wa mechi. Nikajivuna mtaani mwezi mzima, kumbe alimaanisha ananiingiza tukiwa tumeshashinda au tumeshafungwa kabisa. Timu ya taifa waliniita mara moja. Nilipasha misuli kando ya mstari tangu mapumziko hadi kipyenga cha mwisho, nikatoka jasho kuliko waliocheza, na kwenye picha ya timu ninaonekana kiwiko.

Zambia nilienda kwa mshahara, mchezaji wa kulipwa kweli kweli, katika timu ya kiwanda cha sukari. Bao langu la kwanza huko nilifunga kwa sikio. Mpira ulinigonga nikiwa namtazama refa nimuulize kitu. Gazeti liliandika kwamba nina akili ya kujipanga. Baadaye goti likaniacha, nikawa mfua jezi, kisha mpakaji wa rangi ya mistari ya uwanja, na kwa kweli mistari yangu ilinyooka kuliko mashuti yangu.

Penalti zangu unazijua. Ile ya nusu fainali ilipita juu ya mlingoti, ikapita juu ya ukuta, na sijawahi kusikia kama ilishuka.

Sasa mtu wa namna hii ana kombe. Kwa hivyo kabla hujaenda kuwaambia watu ukweli, nakuomba jambo moja: niache nikae nimekufa kidogo. Niambie wanasemaje. Wanasema nilikuwa mrefu?

Na hapo hapo nina ombi la pili, ambalo haliendi na la kwanza. Nataka kumwona mtoto. Nimekaa Silanga tangu Januari nikijipikia, na chakula cha mtu anayejipikia kinachosha. Marehemu anauliza kama anaweza kuja kula.

Kitu kimoja sijaelewa. Kama unaogopa nionekane kwako, ina maana huko Kawangware wanajua kwamba wewe ni dada yangu. Wamejuaje?

Ndugu yako wa Silanga,
Jeconia


Kawangware 56,
20 Septemba 2025

Ndugu yangu,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu mtoto halali na hivyo hakuna anayelala. Managu yalifika, mazuri, isipokuwa moja lilikuwa na konokono aliyemfanya Trizah apige kelele hadi majirani wakaja. Wakaazi wa ploti yetu wanakusalimu. Yaani, wangekusalimu.

Umeuliza wanasemaje. Wanasema ulikuwa mrefu. Wanasema ulikuwa na kasi, nami hapo niligeukia karai nisionekane uso. Mtangazaji wa mechi, kijana mmoja mwenye kipaza sauti na meno mengi, anasema Zambia walikupa barabara yenye jina lako. Mabao yako yanaongezeka kila mwaka, na ukiendelea kufa hivi utawapita waliozaliwa na mpira mguuni. Ile penalti ya nusu fainali sasa inasemekana kipa wa upande wa pili alitumia dawa. Kuna mzee huapa aliona mpira ukipinda hewani.

Picha yako iko kwenye bango kubwa pale stejini. Umeruka juu kupiga kichwa na mkono umekufunika uso mzima. Kama si zile soksi zilizoshuka hata mimi nisingekujua.

Jumapili ya tarehe 28 mtoto anaombewa kanisani. Ninajua ungetaka kuwepo. Watu watakuwa wengi, na wengine ni wa kamati ya kombe, na Mzee Kinyanjui atakuja yeye mwenyewe na mkewe. Usije, Jeconia. Nitakuwekea pilau kwenye bakuli na Mutinda atakuletea.

Mengine tutaongea siku nyingine, sasa mafuta yameshika moto.

Ni mimi,
Akeyo


Silanga,
2 Oktoba 2025

Dada Akeyo,

Salamu. Pilau ilifika, ingawa Mutinda aliionja njiani, nilijua kwa alama ya kijiko. Ilikuwa tamu na sikuimaliza. Huku hakuna jipya. Mbuzi amezaa mapacha, kwa hivyo mwaka ujao nitakuwa nalisha familia nzima.

Swali langu hukulijibu. Kwa hivyo nililifuata lenyewe.

Jumapili ile nilikuja 56. Usikasirike, nilivaa kofia na barakoa, na hakuna mtu anayemwangalia mzee mwenye tumbo anayechechemea. Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa yule Naftaly wa duka la hadwea, nikajifanya nachagua rangi. Niliwaona mkitoka kanisani. Trizah alikuwa na gauni la bluu. Mtoto nilimwona blanketi tu. Watu walimpokezana, kila mtu akapata zamu yake, hata yule mwanamke wa nyanya. Nikawa nimeshika kopo la rangi kifuani, dada, kama mpumbavu, mpaka Naftaly akaniuliza kama ninanunua au ninalibembeleza.

Ndipo nikaona kibanda chako. Uliniambia unakaanga samaki kando ya steji. Hukuniambia kwamba uko kwenye kona yenyewe, pale magari yote yanaposhushia, chini ya bango langu. Nikamuuliza Naftaly, "Huyu mama alipataje kona kama hii?"

Akasema, "Huyo? Huyo ni dada ya Jeco, yule straika alideadi. Akikuja hapa kutoka ocha, huko kwao, baada ya bwanake kufa, Mzee Kinyanjui alimpea hiyo corner akae bila kusumbuliwa. Ni heshima ya marehemu. Ulikuwa unamjua Jeco?"

Nikasema nilimjua kidogo. Akasema pole. Nikasema asante.

Nilirudi Kibera kwa miguu nikifikiria, na kufikiria si kazi niliyowahi kulipwa kuifanya. Nimeelewa hivi. Ulipofika hapo ukiwa mjane mpya, ulitaja jina langu ili upate pa kuanzia, na yule mzee akavua kofia akakupa pole, na kabla hujafungua mdomo akakuonyesha kona. Sijui mimi ningefanya nini. Pengine ningeomba na mwavuli.

Kwa hivyo sikiliza. Kaa na kona yako. Sitafufuka bila ruhusa yako. Maisha yangu yote ya mpira mlinitumia chakula na nauli, na nilichowaletea ni jezi zilizochanika. Hili ndilo jambo la kwanza la faida kuwahi kutoka miguuni mwangu, na nimelifanya nikiwa nimekufa.

Ila nisikudanganye. Kufa kwenyewe nimeshazoea. Sijazoea kuwa na dada mmoja duniani na kusimama ng'ambo ya barabara nikimwangalia.

Ndugu yako,
Jeconia


Kawangware 56,
15 Novemba 2025

Jeconia,

Hatujambo. Mtoto ameanza kucheka. Trizah amerudi kazini saluni. Mvua imekuja na barabara yote ni matope.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaitumia kufungia samaki. Kama kuna mteja aliyepata kipande cha mbuta kilichoandikwa "ndugu yangu nisamehe", basi ndiyo hiyo.

Ulivyoelewa ndivyo ilivyokuwa. Sina la kuongeza, ila kwamba mimi huimba kwaya, huwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili wasiseme uongo, na Jumatatu naenda kukaa chini ya bango. Wakinipa pole, naitikia. Mwaka jana walinipa kiti cha mbele na soda, nikaangalia chini kwa huzuni. Nilikuwa naangalia kama soda ina barafu.

Nilidhani nitaendelea hivyo. Lakini juzi alikuja Kagiri, yule msimamizi wa ploti za Mzee Kinyanjui. Akasema kamati imeamua kuweka jiwe la ukumbusho langoni mwa uwanja. Marumaru nzuri, imeshachaguliwa. Litafunuliwa siku ya fainali, tarehe 6 Disemba, wakati wa mapumziko, na mimi nitasema neno kwa niaba ya familia. Nikasema sawa. Akatoa kalamu. Akaniuliza tarehe uliyokufa, fundi aichonge.

Jeconia, sikuweza.

Mengine yote niliweza. Niliweza pole, niliweza soda. Lakini kutoa tarehe kwa mdomo wangu, ichongwe kwenye jiwe, huku nikijua uko hapo Silanga unafukuza mbuzi! Unakumbuka Mama alivyotuchapa tulipocheza matanga na kumlilia binamu yetu Omolo mdogo aliyejilaza kwenye mkeka? Alimwinua, akamrushia maji, akamzungusha nyumba akiita jina lake kwa sauti, kuondoa mkosi wa kumlilia aliye hai. Siku hiyo tulicheka. Juzi sikucheka. Mwiko ulinidondoka kwenye mafuta nikaungua mkono. Nikamwambia Kagiri sikumbuki tarehe vizuri, nitamtafutia. Akanitazama. Dada gani hakumbuki?

Nikisema ukweli, hiyo kona inaondoka. Hilo nalijua, na nina mjukuu ndani ya nyumba, na mimi si kijana wa kuanza tena kubeba karai mlango hadi mlango. Nisiposema, nitakuwa nimekuua kwa mkono wangu, safari hii si redio.

Sijui nitasema nini siku hiyo. Usije.

Au njoo. Vaa ile sweta ya kijani niliyokushonea, ili nikitaka kukuona nikuone.

Akeyo


Silanga,
8 Disemba 2025

Dada Akeyo,

Natumaini mkono umepona na mnaendelea vizuri. Mimi mzima, ila goti limevimba ukubwa wa boga, na sababu unaijua. Mutinda anasema habari zangu zimefika Soweto East, hapa jirani, kabla yangu. Mwanamke anayeuza makaa hapo amekataa kunisalimia mpaka anishike mkono kwanza, ahakikishe una joto.

Nakuandikia ingawa ulikuwepo, kwa sababu walinibeba kabla hatujasemezana, na nilipogeuka hukuonekana tena. Nataka ujue ilivyokuwa upande wangu.

Nilipata mahali karibu na kona ya uwanja, nikakaa kwenye kreti ya soda na hindi langu la kuchoma. Kando yangu kulikuwa na kijana anaitwa Eugene na mzee mmoja mwembamba. Eugene akaniambia, "Buda, huyu Jeco alikuwa mnoma. Mbuyu wangu, yule alinizaa, aliniambia hakuna beki angemshika."

Yule mzee akatema mate. "Beki wamshike wa nini? Jamaa alikuwa anakaa offside kama amelipa rent huko."

Nilitaka kumtetea marehemu lakini mahindi yakanikwama. Na ilikuwa kweli.

Kisha wakakuita. Mtangazaji akapaza sauti, "Mayut, tulieni kidogo! Mic inaendea Mama Trizah, siz wa legend wetu!" Ukasimama pale kando ya jiwe lililofunikwa kitambaa. Nilikuona unatafuta kwa macho, nikakunja mikono ili sweta isionekane. Nilikuwa nimeamua, dada. Nilikuja kukusikiliza ukinizika, nikupigie makofi, nirudi kwangu. Nilitaka ujue kwamba sina kinyongo.

Nawe ukasema, "Mimi ni mtu wa kanisa. Niliulizwa tarehe ndugu yangu alikufa. Sina hiyo tarehe, kwa sababu hajakufa. Ni yule amekaa kwa kreti, anakula mahindi."

Pasta akainua mikono. "Amina! Yuko nasi kwa roho!" Uwanja mzima ukaitikia amina. Eugene akaitikia, mimi pia nikaitikia, mazoea tu.

"Pasta, si kwa roho," ukasema. "Ni kwa mwili, na ni mwili mkubwa. Jeconia! Simama!"

Hakuna mchezaji aliyewahi kuinuka taratibu vile mbele ya watu wengi vile. Goti lilikataa, nikamshika Eugene bega, kreti ikaanguka. Watu wakageuka. Halafu mtu akapiga kelele, "Wacha zako! Jeco alikuwa slim!" Mwingine, "Huyu ni wa Kibera, huuza sukuma!" Wakaanza kuzomea, na nikaona wanakuzomea wewe, si mimi. Walidhani mama ya watu amechanganyikiwa na uchungu. Hapo ndipo nilipokasirika. Nikavuka mstari, nikaingia uwanjani.

Yule mzee mwembamba ndiye aliyesema, "Mpeni penalti. Nitamjua."

Wakaweka mpira. Kipa akasimama akicheka. Dada, nataka hili ulishike vizuri, kwa sababu watu watakuambia vingine: nilikusudia kufunga. Nilichagua kona ya chini kushoto. Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa. Nikamwomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu Zambia, anipe bao moja safi mbele ya dada yangu.

Mpira ukapanda. Ukapita mlingoti, ukapita lango la uwanja na lile jiwe langu, ukaenda kupiga kamba ya nguo kwenye roshani ya ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara, na shuka zikashuka pamoja nao. Mama mmoja akatoka kwenye roshani, yule anayeitwa Wangoi, anayekaa hapo tangu enzi zetu za Wembe. Akashika kiuno. Akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Dagoretti:

"Jeco! Jeco, mjinga wewe! Tena?"

Uwanja ukalipuka. Yule mzee mwembamba alikuwa analia. "Ni yeye," alikuwa anasema, "Mungu wangu, ni yeye, hakuna mtu mwingine." Wakaniinua juu. Wanaume wazito walinishika miguu wakaniita jina langu, mimi niliye hai, kwa sababu nimekosa. Sijawahi kushangiliwa hivyo kwa kufunga.

Nikiwa juu ya mabega yao niliona hema la wageni. Mzee Kinyanjui alikuwa ameweka kofia yake kichwani na anaondoka, na Kagiri nyuma yake. Nikaelewa, furaha ikaniisha. Nilikuwa nimekuahidi kwamba sitafufuka, nawe ndiye uliyenifufua, na sasa bili itakujia wewe.

Nijulishe. Niambie na yale mabaya.

Jeconia


Kawangware 56,
19 Disemba 2025

Ndugu yangu Jeconia,

Hatujambo, na mkono umepona. Mtoto ametoa jino la chini. Trizah anasema saluni nzima inamuuliza kuhusu mjomba wake, na wanawake wawili wameulizia kama umeoa. Nimewaambia waje waone goti kwanza.

Kombe wamelibadilisha jina. Kamati ilikaa, ikaona haiwezekani kumkumbuka mtu anayepita barabarani. Wamempa marehemu Murunga, kipa wenu, ambaye alikufa kweli na mkewe ana karatasi. Bango limeshuka. Jiwe fundi amelichukua, anasema upande wa nyuma bado haujaandikwa. Ule wimbo bado wanauimba. Hilo nimeshindwa kulizuia.

Na sasa lile ulilouliza. Kagiri alikuja Jumanne asubuhi, nikiwa sijawasha hata moto. Hakuwa na ukali. Alivua kofia, akazungushazungusha vidole kwenye ukingo wake, akasema, "Mama Trizah, mzee hana ubaya na wewe. Amesema tu hiyo nafasi alikuwa amepea mtu amefiwa. Na wewe hujafiwa."

Nikamwambia arudie.

Akadhani nimekasirika. Akasema polepole, kama anayemweleza mgonjwa, "Mzee anasema wewe hujafiwa, mama."

Nilikaa kwenye ndoo, Jeconia, nikalia pale kona, mbele ya makanga wote wa steji. Kagiri aliogopa, akasema atamwomba mzee aniongezee wiki. Sikutaka wiki. Sikulia kwa sababu ya kona. Miaka miwili nimepokea pole za watu kwa ajili yako, na kila pole ilikuwa ikiniingia kidogo, mpaka nikaanza kukuota ukiwa umelala kwenye jeneza. Sikukuandikia hilo. Na asubuhi hiyo mtu mzima mwenye akili timamu alitumwa kutoka kwa mwenye ploti aje kuniambia rasmi kwamba sijafiwa.

Nikakunja turubai. Naftaly akanisaidia kubeba karai hadi nyumbani. Januari sijui nitakaangia wapi, na nina hofu, siwezi kukuficha. Lakini njiani watu walinisimamisha kunipa pole ya kibanda, nami nikawa nawajibu nikicheka kama mwendawazimu: sijafiwa, asanteni, sijafiwa.

Krismasi uje mapema. Pita barabara kubwa, mchana, bila kofia. Mtoto hajawahi kukushika uso.

Dada yako,
Akeyo